Ferrari ya Zamani, Usiilete Dar

Kazi yangu ni kutoa magari bandarini, kwa hiyo swali hili naulizwa sana, hasa na watu waliouza kiwanja au waliopata mafao mazuri: "Mdogo wangu, nimeona gari la zamani huko Japani, la spoti, wanasema bei inapanda kila mwaka. Nilinunue niliweke?" Kununua, nunua ukiwa na uwezo. Kuliweka Dar ndiyo hapana.

Tuanze na bei, maana ndizo zinazowatoa watu udenda. Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé ya mwaka 1955 iliuzwa euro milioni 135. Zilitengenezwa mbili tu. Ferrari 250 GTO, ambazo zote ni 36, moja iliuzwa mnadani California mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Hizo tuziache kwenye simu. Inayonivutia zaidi mimi ni McLaren F1 iliyopita dola milioni 20 mwaka 2021: ilikuwa haijafikisha hata kilomita 400 tangu itoke kiwandani. Mtu kamwaga pesa yote hiyo kwa sababu gari halijaguswa na kila karatasi yake ipo.

Karatasi ndipo Wabongo wengi tunapokwama. Mzee mmoja wa Mbezi Beach aliniita nimtazamie Porsche 911 yake ya miaka ya 1980, ile ya injini ya kupozwa kwa hewa, kwa kuwa alishapata mteja Uingereza. Gari lilikuwa chini ya turubai, linang'aa. Nikafungua mlango: harufu ya ukungu, ngozi ya viti ina madoa meupe, vichwa vya skrubu vimevimba kutu, mpira wa mlango ukiushika unakatika. Halikuwa limeachwa nje hata siku moja. Upepo wa bahari ulilifuata humohumo bandani. Mteja alivumilia yote hayo. Kisha akauliza kitabu cha sevisi, risiti za mafundi, na kama namba ya injini ni ileile ya kiwandani. Kitabu kilitupwa wakati wa kuhama nyumba. Rangi ilipigwa upya hapa mjini, na kwa kweli ilipigwa vizuri, ila si ile ya kwanza. Mteja akashusha bei, mzee akagoma, mteja akanyamaza mpaka leo.

Kwa Ferrari mambo ni makali zaidi. Kampuni yenyewe ina kitengo kinaitwa Classiche, kinakagua chesi, injini na giaboksi, kisha kinatoa cheti kwamba gari ni lilelile. Mnunuzi wa pesa kubwa atakiulizia.

Njoo kwenye ushuru sasa. Gari la zaidi ya miaka 10 lenye injini kubwa lina ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, tozo ya uchakavu, yaani ya umri wa gari, asilimia 30, halafu VAT asilimia 18 juu ya hayo yote. Lililofika bandarini kwa shilingi milioni 100 linatoka getini limeshakula zaidi ya milioni 200 ukijumlisha na hiyo 100 ya kwanza, na tozo ndogondogo sijazigusa. Siku ya kuuza, mnunuzi wa London hakurudishii hata senti ya ushuru huo. Na hapa Dar utamuuzia nani? Mwenye pesa hiyo Masaki anataka Land Cruiser mpya ya kwendea shamba, si gari la kukwangua tumbo kwenye kila tuta.

Matunzo nayo yana hesabu zake. Ferrari F40 ina matangi ya mafuta ya mpira, na yana umri: ikipita kama miaka 10 yanabadilishwa hata kama gari lilikuwa limelala tu. Ferrari Testarossa, kubadilisha mkanda wa taimingi mpaka injini ishushwe. Fundi wa Gerezani ataishusha, wala simdharau, lakini risiti yake ya kuandika kwa mkono mnadani haina uzito.

Halafu kuna hili la "bei inapanda kila mwaka". Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988, bei zilipaa, watu wakawa wananunua F40 kwa mara kadhaa ya bei ya kiwandani ili waiuze haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa Japani ukatetereka, kwingine riba zikawa juu, wanunuzi wakapotea. Waliokopa ndio walioumia.

Ningekuwa na mtaji, ningetazama magari ya Kijapani na kalenda ya Marekani. Kule gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao huruhusiwa kuingia likitimiza miaka 25. Nissan Skyline GT-R R34 ilianza kutengenezwa 1999, kwa hiyo za kwanza zilifunguliwa mlango 2024. Ila waliofaidi ni walionunua mapema. Tarehe ilipofika bei ilishapanda zamani. Ukinunua, mlipe mkaguzi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Liache hukohuko Japani kwenye ghala lisilo na unyevu, lenye bima, mkataba uwe kwa jina lako. Kumbuka pia kamisheni ya mnada, mara nyingi ni asilimia 10 au zaidi juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani.

Mwenye mtaji mdogo atafute Land Cruiser FJ40, ile ya zamani. Wamarekani wanazipenda, na huku kwetu bado zipo kwa wakulima na kwenye misheni. Tafuta iliyokaa Dodoma au Singida, mbali na chumvi. Omba kadi yake ya kwanza, linganisha namba ya chesi na ile iliyogongwa kwenye chuma, na upige picha kila kona kabla fundi hajashika msasa.