Washington: jina la mji ama la mtu?

SWALI: Habari zenu. Mimi naitwa Washington, ni jina la babu, na babu mwenyewe alizaliwa Seme na akazikwa Seme. Juzi kwa steji ya boda hapa Kondele jamaa mmoja akanicheka ati nimeitwa mji wa Marekani. Kwani hili jina lilitoka wapi? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, huyo jamaa ameanzia mkiani. Mji ulipewa jina la George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na ukoo wa George nao ukaitwa kwa kijiji cha Uingereza, upande wa Durham kule kaskazini, ambacho siku hizi kimekuwa mji. Hiyo "ton" ya mwisho kwa Kiingereza cha kale ni boma ama shamba, kwa hivyo jina lote ni kama kusema boma la watu wa mtu anaitwa Hwæsa.

Sasa sikiza. Karne ya 12 kulikuwa na bwana anaitwa William de Hertburn, hiyo "de" ni "wa", na Hertburn pia ni kijiji, akapata ardhi ya Washington, basi lile la kwanza likaachwa akawa William wa Wessyngton, yaani Washington vile liliandikwa zamani. Si ni vile mama akitoka Alego akaolewa Seme anaitwa Nyalego, hadi watoto wa jirani hawajui ana jina lingine? Lakini Nyalego ni yake peke yake, watoto hawalirithi, la William likarithiwa. Wa ukoo wake mmoja akanunua shamba la Sulgrave huko huko Uingereza mwaka wa 1539, mwingine, John, akavuka bahari hadi Virginia kule Marekani miaka ya 1650, George ni kitukuu chake.

Na George hakuzaa! Waliolieneza sana ni watu weusi walioachiliwa utumwani, sensa ya Marekani ya 2000 ilipata kina Washington kama 163,000 na asilimia 90 ni weusi. Hapo mimi huguswa sana nikimkumbuka Booker T. Washington, yule mwalimu mweusi maarufu wa Marekani, mtoto aliyezaliwa mtumwa, ameenda shule anasikia wenzake wakiitwa wanataja majina mawili na yeye ana moja tu, moyo unadunda, mwalimu akimfikia anajibu tu bila wasiwasi: Booker Washington. Na hilo Washington lilikuwa jina la kwanza la babake wa kambo, kama lilivyo lako na la babu.