Usiwapulizie sumu kabla hujawatambua

Umeuliza kama uwaue sisimizi waliojaa kwenye mikakao. Ni wepi? Wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota, majimoto, waache: huwinda na kuwafukuza kunguni wanaofyonza matunda machanga. Wanauma kweli, basi siku ya kuvuna vaa mikono mirefu.

Mimi ningewahofia wale wanaojenga vibanda vya udongo juu ya matunda. Humo huwalinda vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaofyonza utomvu, ili walambe maji matamu wanayoyatoa, na Afrika Magharibi vidung'ata ndio waenezaji wa virusi vinavyovimbisha machipukizi. Udongo wenyewe waweza kupandisha vimelea vya kuozesha matunda. Bomoa vibanda, toa matunda yaliyooza.

Ukipuliza sumu shamba zima, majimoto wanaokulindia matunda nao watakufa. Acha matawi yagusane; majimoto hupita humo kwenda mti mwingine.