Umbali wa Ndege na Saa za Safari: Ninavyopiga Hesabu Siku Hizi

Kwa miaka kadhaa nilipanga safari ndefu kwa hesabu moja tu: nachukua umbali kati ya viwanja viwili vya ndege, naugawanya kwa kilomita 900, ambayo ni takriban kasi ya ndege kubwa ya abiria kwa saa, kisha naliamini jibu. Hesabu hiyo si mbaya, lakini haitoshi, na safari moja ya kutoka New York kwenda London ndiyo iliyonifumbua macho.

Tiketi ilionyesha kwamba tungeondoka 21:00 na kufika 09:00 siku iliyofuata. Nikahesabu saa 12, nikajihakikishia usingizi wa kutosha, nikakubali na kikao cha saa tano asubuhi. Kumbe kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika, na London iko mbele ya New York kwa saa 5, hivyo safari yenyewe ilikuwa ya saa 7. Ukiondoa muda wa chakula cha usiku, na ule wa taa kuwashwa na abiria kuamriwa kunyanyua viti, nililala kama saa tatu na nusu. Niliyoyaandika kikaoni siku hiyo sikuweza kuyasoma mwenyewe.

Tangu hapo nabadilisha kwanza saa zote mbili ziwe za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, ndipo natoa. Tarehe nayo naisoma mara mbili, kwa kuwa ndege ya 00:30 Jumanne huondoka usiku wa kuamkia Jumanne, na anayekwenda uwanjani Jumanne jioni huwa amekwisha kuachwa.

Umbali wenyewe una mambo yake. London na New York zimetengana kwa kilomita 5,540 hivi, ambazo kwa hesabu yangu ya zamani ni saa 6 na dakika 10. Lakini kuelekea magharibi ratiba hukaribia saa 8, na kurudi ni kama saa 7, kwa sababu huko juu huvuma upepo wa kasi kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwa sababu ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka langoni hadi inaposimama langoni, pamoja na kule kujikokota kuelekea njia ya kurukia. Wala usiupime umbali kwa rula juu ya ramani bapa: vuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka London hadi Los Angeles, uone unavyopita Greenland.

Hata uzi huo ndege haziufuati kila mara. Tangu 2022, anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya, safari ya Helsinki hadi Tokyo imeongezeka kutoka saa tisa na nusu hivi hadi karibu 13, ingawa viwanja havijasogea hata hatua moja.

Ukiwa na ndege ya kuunganisha, nunua tiketi moja ya safari nzima. Ukilazimika kununua mbili mbalimbali, mimi sikubali chini ya saa 4 katikati, kwani ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukungoja. Na kikao siku hizi nakipanga kesho yake.