Wakati uliopita wa Kiassam: anza na "sikula" na "sijala"

Kama umetua Guwahati, mji mkubwa wa jimbo la Assam huko India, juzi kwa masomo na ukaona dukani mambo yanakwenda kwa Kihindi, usibweteke. Jikoni kwa mwenye nyumba wako wanaongea Kiassam, lugha ya watu zaidi ya milioni 15 kwa sensa ya India ya 2011, na huko jikoni ndiko utakakoulizwa ulifanya nini, ulikwenda wapi, umekula au hujala. Maswali yote hayo ni ya wakati uliopita.

Mimi niliponea chupuchupu kugombana na mama mwenye nyumba. Nilimwita mahi, yaani mama mdogo. Jioni moja alinikuta mlangoni akauliza, "Bhat khala ne?" Umekula wali? Nikajibu kwa kujiamini, "Nakhalõ." Uso ukambadilika. Mchana alikuwa ameniletea bakuli la masor tenga, mchuzi wa samaki wenye uchachu, na mimi namwambia sikula! Kwa masikio yake ilikuwa kama nimegoma: chakula nilikiona, nikakiacha. Nilichotaka kusema ni kwamba chakula cha jioni bado, na kwa hilo wanasema "khowa nai".

Nakhalõ ni sikula, khowa nai ni sijala. Wenzangu darasani waliotoka nchi nyingine walihangaika na tofauti hiyo muhula mzima, wakati sisi tumezaliwa nayo. Kwa hiyo ukitaka kukanusha, jiulize kwanza kwa Kiswahili: ni "siku-" au ni "sija-"? Jibu litakupeleka kwenye umbo sahihi mara nyingi kuliko kanuni ya kitabuni.

Sasa umbo lenyewe. Kiini chake ni -il-, na ukiona inafanana na -li- yetu, ni bahati tu, lakini itumie kukumbuka. Mpangilio ndio umepinduka. Sisi tunaanza na mtu: ni-li-fanya. Wao wanaanza na tendo, kisha wakati, mtu anakuja mwisho: kor-il-õ. Hiyo õ ipitishe puani. Moi korilõ, nilifanya. Ami korilõ, tulifanya. Kitenzi hakijali umoja wala wingi. Ukimwambia rafiki unayemwita tumi, ni korila. Toi korili ni ya watoto na watu mlioshibana sana, iache kwanza. Mkubwa wako ni apuni, naye hutumia umbo lilelile la nafsi ya tatu: apuni korile. Mzizi ukiishia na irabu, i inamezwa, ndiyo maana kha- inatoa khalõ, khala, khale. Na ja-, kwenda, inageuka kabisa: golõ, nilikwenda. (Hiyo kh ni k yenye pumzi, kama kaa wa baharini anavyotamkwa na watu wa Mombasa. Kh ya kheri wanayo pia, lakini wengi huiandika x kwa herufi zetu: xi, yeye.)

Nafsi ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi. Alikula ni khale, alitoa ni dile, lakini alikwenda ni gol, alikuja ni ahil, bila e mwishoni. Utaambiwa kwamba vitenzi vyenye yambwa, yaani kitu kinachotendewa, huchukua e na visivyo na yambwa haviichukui. Ni kweli nusu. Alicheka ni hãhile, alilia ni kandile, na kucheka hakuna yambwa. Mimi nimeona ni afadhali kuitazama nomino: e ya kitenzi hupenda kwenda pamoja na e ya mtendaji. Loratu ahil, mvulana alikuja. Loratue bhat khale, mvulana alikula wali. Mahiye hãhile, mahi alicheka. Jifunze kila kitenzi na mtendaji wake, usikibebe peke yake.

Ukanushaji wa -il- una utamu wake. Na- ya mbele hubadili irabu ili ifuate ya mzizi: nakhalõ, nidilõ (sikutoa), nuxunilõ (sikusikia), nokorilõ. Mtu anayesema pikia lakini somea hawezi kushangazwa na sauti zinazofuatana hivi.

Maneno hayatakusumbua sana. Kitap ni kitabu, kolom ni kalamu, na wakikusalimia "ki khobor?" wameuliza habari, maana sote tumekopa kwa Waarabu. Hata mpunga, mchele na wali wanavitenganisha kama sisi: dhan, saul, bhat. Na chai wanaila: apuni sah khale ne?

Ngazi ya mwisho, ambayo mimi nilichelewa kuigundua, ni kwamba -il- peke yake haitoshi kwa mambo ya jana. Golõ inafaa kwa jambo la sasa hivi, au katikati ya hadithi, au hata unapoaga: "golõ dei", kama sisi tunavyosema "haya, nimeondoka" tukiwa bado tunatafuta viatu. Lakini ukitaka kueleza kwamba jana ulikwenda mahali na umesharudi, ongeza -is- kabla ya -il-: goisilõ. Ukiiacha -il- ukabaki na -is-, unapata khaisõ, nimekula. Kanusho la goisilõ ni jowa nasilõ, na kwa kula utasema khowa nasilõ.

Sentensi yangu ya kwanza ambayo mahi hakuisahihisha ilikuwa "Moi kali bozaroloi goisilõ", jana nilikwenda sokoni. Aliuliza tu samaki nilinunua bei gani, kisha akaniambia nimepigwa.