Vitz kuukuu, dereva mpya: pesa ianzie wapi

Mtu akinunua Vitz ya zamani ili ampe binti yake aliyepata kazi, au mdogo wake anayeanza kuendesha, pesa ya kwanza mara nyingi huishia kwenye rangi, redio na siti kava. Gari linang'aa, linakabidhiwa, na wiki ya pili linachemka kwenye foleni. Anza na yale yasiyoonekana ukisimama nje: upoozaji wa injini, breki, oili na mipira. Rangi isubiri chenji itakayobaki.

Tunazungumzia Vitz ya kwanza, ile iliyoingia sokoni 1999, yenye injini ya 1SZ ya cc 997. Injini hii inatumia taimingi cheni (mnyororo unaopangilia kufunguka kwa valvu), kwa hiyo hakuna belti ya kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Starlet iliyoitangulia, yenye injini ya 4E ya cc 1331, ni habari nyingine: ina taimingi belti ya kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama huna risiti ya belti, ihesabu kuwa haijawahi kubadilishwa, maana mita ya gari kuukuu haiaminiki.

Ukaguzi ufanye asubuhi injini ikiwa baridi. Washa, sikiliza sekunde za mwanzo. Cheni ikigonga kisha ikanyamaza oili inapopanda, tenshena (kikaza cheni) imechoka au cheni imelegea, na chanzo huwa oili iliyocheleweshwa kumwagwa. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe wa asubuhi ni unyevu tu. Ukiendelea injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Fungua na mfuniko wa oili: ukikuta utando mzito chini yake kama chai ya maziwa, maji yanachanganyika na oili. Gari linalokwenda safari fupi fupi linaweza kuonyesha utando kidogo, kwa hiyo hakikisha na dipstiki (kijiti cha kupimia oili) kabla ya kumhukumu muuzaji.

Kwenye upoozaji ndiko magari haya yanakofia. Miaka yote limewekewa maji ya bomba, ndani kuna kutu, na fundi mmoja katika historia yake alitoa thamostati (valvu inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto) "kwa sababu ya joto la Dar". Thamostati ya Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada kana kwamba bado ni asubuhi, oili inachafuka haraka, na tatizo halisi la kuchemka linabaki palepale. Irudishe, mpya, na gasketi yake.

Kusafisha: injini ikiwa baridi, fungua koki ya chini ya rejeta, mwaga, weka hita kwenye moto ili maji ya kule nayo yazunguke, jaza maji safi, washa mpaka feni izunguke, zima, acha ipoe, mwaga tena. Rudia hadi yatoke meupe. Mwisho weka kulanti (maji maalumu ya rejeta) nusu na maji yaliyochujwa nusu, au kulanti iliyokwisha changanywa, ambayo haiongezwi maji. Jaza polepole, injini ikiwa inanguruma na mfuniko ukiwa wazi, ili upepo utoke. Mapovu yasiyokoma hata upepo ulipokwisha ni dalili ya gasketi ya hedi.

Mfuniko wa rejeta usiudharau. Umeandikwa 0.9 au 1.1, ambayo ni presha unayoishikilia, na presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke mapema. Nunua wenye namba ileile. Bonyeza mipira ya rejeta: iliyokauka na kupasuka, au inayobonyea laini mno, badilisha yote miwili. Kisha washa AC uone kama feni inazunguka. Feni iliyounganishwa moja kwa moja kwenye swichi ya ndani ni kazi ya mtu aliyeshindwa kutafuta sensa mbovu au rilei. Irudishwe kwenye mfumo wake, kwa sababu dereva mpya atasahau kuiwasha.

Breki. Mbele ni diski, nyuma ni dramu. Pedi zikibaki milimita 3, badilisha. Kama pedi moja imeisha na mwenzake wa gurudumu hilohilo bado mnene, tatizo si pedi, ni pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi) zilizokwama: zitoe, zisugue, paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira, na siku chache baadaye kalipa inashika tena. Dramu ikigoma kutoka, usiipige nyundo. Ina matundu mawili yenye nyuzi; ingiza boliti za milimita 8, zikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Ndani, inua kingo za mpira wa silinda ndogo. Ukiona majimaji, inavuja, na shuu (pedi za ndani ya dramu) zilizolowa fluidi hazisafishiki kwa petroli, tupa.

Fluidi ya breki inafyonza unyevu wa hewani, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka 2 hivi hata kama kiwango hakijashuka. Tumia DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo lililofungwa. Toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali): kwa gari la usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Mmoja akanyage pedali na kuishikilia, mwingine afungue nati ya kutolea upepo kwenye gurudumu na kuifunga kabla pedali haijaachiwa. Kikombe cha fluidi cha juu kisikauke hata mara moja, la sivyo mnaanza upya.

Oili ya injini ni rahisi: boliti ya spana 14, washa (ringi ya boliti) mpya, filta ikazwe kwa mkono robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa. Usimimine kopo zima la lita 4. Weka lita 3 kasoro, subiri, pima, ongeza kidogo kidogo. Baada ya hapo kila kilomita 5,000.

Gia boksi ya otomatiki inaharibiwa zaidi na wema kuliko uzembe. Aina ya oili imeandikwa kwenye dipstiki yake. Ya CVT (gia boksi ya mkanda, isiyo na gia za hatua) isiingie humo. Ukimwaga haitoki yote, nyingine inabaki ndani, kwa hiyo pima iliyotoka na urudishe kiasi hichohicho. Kiwango kisomwe gari likiwa la moto, injini inawaka, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Ikiwa imeungua, inanuka na gia zinateleza, oili mpya haitaiponya.

Injini inamisi? Kabla ya kununua koili (inayoipa plagi umeme), pima kwa mashine. Ikitoa kodi ya hitilafu P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi, hamisha koili ya silinda ya kwanza uiweke ya pili. Kodi ikihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, angalia plagi. Shimo la plagi likiwa na oili, gasketi ya kava ya valvu inavuja, na koili mpya itakufa vilevile.

Mlio wa kugongagonga kwenye vishimo vidogo mara nyingi ni stebilaiza linki (kijiti kinachounga bomba la kuzuia kuyumba), spea ya bei ndogo. Gurudumu likiwa hewani, litikise juu na chini: likicheza ni beringi au boljointi. Kulia na kushoto: tairodi. Ukikata kona hadi mwisho na kusikia tak-tak-tak, sivi jointi (kiungo cha ekseli ya mbele) imekwisha. Ukibadilisha tairodi au boljointi, peleka alaimenti (kupanga magurudumu yanyooke).

Tairi zisomwe tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yenye nyufa pembeni haifai hata ikiwa na kashata nzuri. Betri injini ikiwa imezimwa isome volti 12.4 kwenda juu, na injini ikiwaka 13.8 hadi 14.5. Alamu za mtaani zilizounganishwa kwa nyaya za kusokota na seloteipu ziondolewe kabisa. Nusu ya "gari haliwaki asubuhi" hutokea humo.

Siku ya kukabidhi, mpe mwenye gari daftari lenye tarehe, kilomita na kila spea iliyowekwa, pamoja na risiti. Mwache afungue mwenyewe nati za gurudumu kwa spana ya 21, aweke spea tairi na kuzikaza kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Mwonyeshe jeki inakaa wapi chini ya bodi. Na mweleze taa nyekundu ya oili na ya joto: aegeshe pembeni, azime, na mfuniko wa rejeta asiuguse kwa nusu saa.