Usiahidi Siri Usiyoweza Kuitunza

Wanaotaka kubobea katika siasa za nchi nyingine na vita vya wenyewe kwa wenyewe huniuliza kwanza kuhusu ufadhili. Ni swali la haki. Mimi huwaanzishia kwenye kinasa sauti.

Nilipokwenda Belfast, Ireland Kaskazini, kwa utafiti wa shahada ya uzamivu, mzee mmoja aliyewahi kufungwa alinikaribisha kwake. Nikaweka kinasa sauti mezani, nikamwambia: "Usiwe na wasiwasi, haya yatabaki kati yetu." Akauliza, "Na mahakama ikiyataka?" Nikakosa la kusema. Akakisukuma kile chombo kwa kidole kimoja hadi upande wangu. Tuliongea saa mbili bila kurekodi neno.

Alikuwa na sababu. Kuanzia 2001, mradi wa Boston College ya Marekani uliwarekodi waliokuwa wapiganaji wa IRA (kundi lililopigania Ireland moja) na wale wa UVF (kundi lililotaka kubaki na Uingereza), wakiamini sauti zao zingefichwa hadi wafe. Mwaka 2011 madai ya kanda hizo yakafika mahakamani Marekani kwa ombi la Uingereza, na 2013 baadhi zikawa mikononi mwa polisi wa Ireland Kaskazini. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998 uliwatoa wafungwa mapema, lakini haukufuta mauaji ya zamani. Mtu aliweza kujifunga kwa maneno yake mwenyewe, na ya wenzake pia.

Kwa hiyo, kabla hujasafiri, ulizia chuoni kwako rekodi zitahifadhiwa wapi na ziko chini ya sheria ya nchi gani. Fomu ya ridhaa peke yake haitoshi. Mwambie mtu kwa mdomo, kabla hujabonyeza kitufe: "Mahakama ikiniamuru, huenda nisiweze kukulinda. Usinitajie jina wala tukio lisilojulikana." Wengine watakataa. Waache. Mimi nilipoteza sura nzima ya tasnifu, na bado naona nilifanya sawa.

Chunga na majina. Mji mmoja wa huko una majina mawili. Wanaotaka kubaki na Uingereza wengi wao husema Londonderry. Wanaotaka Ireland moja husema Derry. Niliandika jina moja kwenye barua ya kuomba mahojiano kwa vile ndilo lililokuwa kwenye ramani yangu, na sikujibiwa. Siku hizi husoma kwanza mwenyeji anavyoliandika mwenyewe, ndipo nami niandike.