Nikichoka Namkumbuka Baba

SWALI: Asalaam aleikum Bibi. Napakua mizigo kwenye godauni moja hapa Shimanzi, Mombasa. Wiki hii mwenzangu ni mgonjwa, nami nafanya zamu mbili mbili, hata Jumapili sikupumzika. Jioni nikingoja feri kurudi Likoni, mawazo yangu yote ni kwa baba, aliyekuwa kuli bandarini. Alikuwa akirudi hasemi na mtu, anakaa barazani mpaka usiku uingie. Nilikua nikiamini hatupendi. Sasa watoto wangu wakinikimbilia mlangoni nawaambia waniache. Je, nimerithi ubaya wake?
Baba Salma, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Ubaya gani? Umebeba alichobeba yeye, na mwili wako sasa unakueleza jambo ambalo hukuelezwa utotoni.

Kaka yangu naye alikuwa kuli Kilindini, kabla kontena hazijaenea. Gunia la kahawa ni kilo 60, na watu waliyabeba mgongoni, moja baada ya jingine, katika joto la tumbo la meli. Akirudi, mama alitukataza kumsogelea mpaka aoge na anywe chai yake ya tangawizi. Baada ya hapo anatutania, anatuuliza habari za chuoni. Sisi tulikuwa na mama wa kutufafanulia ule ukimya. Wewe ulijifafanulia mwenyewe, na mtoto akijifafanulia huona kosa ni lake.

Wako waambie kabla hujavua viatu: "Nimechoka, sijakasirika. Nikishaoga njooni." Kisha waite kweli, japo ni kwa muda wa kula kipande cha mkate wa sinia. Ukiwaahidi kisha usiwaite, kesho hawatakusikiliza.

Hukusema kama baba yu hai. Kama yupo, nenda. Usimuulize kwa nini hakuwapenda. Wazee wetu swali hilo huwafunga mdomo. Muulize kazi: alikuwa genge la nani, shehena gani iliwatesa, saruji waliipakuaje. Mpelekee kahawa na kashata, mkae. Kaka yangu nilimjua kwa njia hiyo, tena nilichelewa kuanza, na mengi amekwenda nayo. Kama baba ametangulia, watafute aliofanya nao kazi, hapo hapo Likoni au Mtongwe.

Na uchovu wenyewe usiuache hivi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mwambie msimamizi wako kesho, kabla zamu haijaanza, na mwenzako mmoja awepo asikie.